Nani Alimlea Kijana wa Siku Hizi?

“Hivi vijana wa siku hizi wana nini?”

Ibadakuli swali hili halikosekani. Huulizwa msibani, huulizwa kwenye kikao cha mahari, huulizwa chini ya mwembe watu wakisubiri mvua inyamaze. Kata hii ipo pembezoni mwa Manispaa ya Shinyanga. Ndiko uliko uwanja wa ndege wa mkoa, na ndiko nyaya kubwa za umeme zinakokutana kwenye kituo cha kupozea umeme, huku pembeni wakulima wakiendelea na mpunga na mahindi yao. Ukitoka hapo ukapita Tinde na Kahama, barabara inakufikisha kwenye ukanda wa dhahabu: Kakola, Nyarugusu, Geita. Vijana wengi wa upande huu wameshaipita barabara hiyo, na waliobaki wanaifikiria.

Mashtaka ya wazee dhidi yao yanajulikana:

- Hawasalimii. Wakisalimia, wanasalimia huku macho yako kwenye simu.
- Hawataki jembe. Wanataka pikipiki, wanataka duara, yaani shimo la dhahabu, wanataka fedha ya leo.
- Wakiipata hiyo fedha hawajui kuitunza.
- Hawasikii la mkubwa.

Baadhi ya mashtaka hayo ni ya kweli. Yapo machimbo ambako kijana hupata kwa wiki moja fedha ambayo baba yake hakuipata kwa msimu mzima wa pamba, na Jumatatu akarudi shimoni akiwa hana nauli. Mzee anayeliona hilo akaumia, anaumia kwa haki. Sura hii haikusudii kumnyamazisha. Inakusudia kumrudishia swali lake likiwa limeongezewa nusu ya pili, ambayo kwa kawaida haiulizwi: kama kijana huyu ameharibika, alikuwa mikononi mwa nani alipokuwa na miaka sita, tisa, kumi na mbili?

Methali ambayo wazee wenyewe huitumia kumsuta kijana, kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, inamtaja mlezi kwanza.

Bibi na babu walipokuwa washtakiwa

Tuanze na wazee wa leo walipokuwa vijana.

Oktoba 22, 1966, mamia ya wanafunzi waliandamana jijini Dar es Salaam, wengi wao kutoka Chuo Kikuu. Walikuwa wanapinga masharti ya kuwalazimisha wahitimu kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa na kukatwa sehemu kubwa ya mshahara. Rais Julius Nyerere aliwapokea, akawasikiliza, akakasirika. Zaidi ya 300 walifukuzwa chuoni na kurudishwa makwao. Nchi nzima ilikuwa na neno la kusema juu yao: wasomi wenye kiburi, watoto waliosomeshwa kwa jasho la wakulima, wasiojua shukrani. Kijana aliyekuwa na miaka 20 siku ile, leo ana takriban miaka 80.

Jambo moja la siku hiyo husahaulika. Baada ya kuwahukumu vijana, Nyerere aliwageukia wakubwa. Aliona kwamba tamaa ya wanafunzi ilikuwa na mahali ilipojifunzwa, kwa kuwa viongozi nao walikuwa wanajilipa vizuri mno. Akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Katika historia ya Tanzania ni vigumu kupata mfano mwingine ulio wazi kiasi hiki wa mkubwa kumwadhibu mdogo na papo hapo akakubali kwamba kosa lina mwalimu wake.

Miaka miwili baadaye, Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo, ulianzisha Operesheni Vijana. Kuanzia Januari 1, 1969, vimini, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua vilipigwa marufuku Dar es Salaam. Wasichana waliosakamwa mitaani kwa sababu ya sketi fupi ni bibi sasa. Wengine wao, bila shaka, leo wanawasakama wajukuu kwa sababu ya suruali.

Miaka ya 1990 ikaja zamu ya muziki. Bongo Fleva ilipoanza ilihesabiwa kuwa kelele za wahuni. Joseph Mbilinyi, anayejulikana kama Sugu, mmoja wa waasisi wake, alichaguliwa kuwa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010. Miaka mitano baadaye Joseph Haule, maarufu kama Profesa Jay, naye akaingia bungeni kwa jimbo la Mikumi.

Kwa nini zamani huonekana bora

Mwaka 2019 watafiti wawili wa Marekani, John Protzko na Jonathan Schooler, walitoa matokeo ya uchunguzi uliowahusisha watu wazima zaidi ya 3,000. Waliwauliza kama watoto wa leo wana heshima, akili na mapenzi ya kusoma kuliko wa zamani, au wamepungukiwa. Wengi walijibu kwamba wamepungukiwa. Kilichovutia ni nani alilalamikia nini. Wale wanaothamini sana utii kwa wakubwa ndio walioona heshima imekwisha. Wasomaji wakubwa wa vitabu ndio walioona watoto hawasomi.

Watafiti wakafanya jaribio jingine. Wakawaambia baadhi ya wasomaji, kwa makusudi na bila kuwa kweli, kwamba kiwango chao cha kusoma ni cha chini kuliko walivyodhani. Mara wasomaji hao wakapunguza ukali wao juu ya watoto wa leo. Watoto hawakuwa wamebadilika hata kidogo.

Maelezo yao ni haya: mtu mzima akijaribu kukumbuka vijana wa enzi zake, hana picha kamili ya wenzake wote. Anachokuwa nacho ni picha yake mwenyewe alivyo sasa, na anaigawa kwa kizazi kizima cha wakati ule.

Lete jambo hilo Ibadakuli. Mzee aliyekuwa hodari wa jembe anapokumbuka ujana, anakumbuka shamba lililojaa mahodari. Waliokuwa wakitegea hawaoni tena. Walikuwapo, ndiyo maana jamii ya Wasukuma ilikuwa na faini kwa ajili yao, kama tutakavyoona.

Kuna uchunguzi mwingine unaofaa kutajwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford alimweka mtoto mdogo mbele ya kitu kitamu na kumwambia: kula sasa hiki kimoja, au subiri upewe viwili. Protzko alikusanya matokeo ya majaribio ya aina hiyo yaliyofanywa katika kipindi cha miaka hamsini. Wataalamu wengi walioulizwa kabla walibashiri kwamba watoto wa sasa hawana subira, au angalau hawajaongeza lolote. Matokeo yakaonyesha kwamba subira ya watoto iliongezeka kidogo kidogo kila muongo. Hao walikuwa watoto wa nchi nyingine na maisha mengine, kwa hiyo jaribio hilo halitoi jibu juu ya mtoto wa Shinyanga. Linaonyesha tu kwamba hata mtaalamu anaweza kukosea anapowakadiria wadogo kwa macho.

Kwa ufupi: lawama kwa vijana ni ya kale, na sehemu yake inatokana na kumbukumbu ya anayelaumu. Lakini sehemu tu. Iliyobaki inahitaji kuchunguzwa kwenye maisha yenyewe.

Kila kizazi kilikuwa na Geita yake

Wapo wanaosema kwamba dhahabu ndiyo iliyowatoa vijana nyumbani. Historia inasema vijana wa Usukuma na Unyamwezi walianza kuondoka zamani sana.

Karne ya 19 walikwenda pwani. Walibeba pembe za ndovu kutoka bara hadi Bagamoyo, safari ya miezi kwa miguu, na kijana aliyekwenda na kurudi alihesabiwa kuwa mwanamume kamili. Wakati wa ukoloni walikwenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge, wakaitwa manamba. Mwaka 1940 John Williamson aligundua almasi Mwadui, na ajira ikasogea karibu na nyumbani. Kisha ikaja dhahabu. Wachimbaji wadogo walijaa Bulyanhulu hadi walipoondolewa mwaka 1996. Mgodi mkubwa wa Geita ukaanza uzalishaji mwaka 2000. Buzwagi ukafuata mwaka 2009.

Sensa inaonyesha ukubwa wa mvuto huo. Mwaka 2012 mkoa wa Geita, uliokuwa umeanzishwa mwaka huohuo, ulikuwa na watu wapatao milioni 1.74. Mwaka 2022 ulikuwa na karibu milioni 2.98. Watoto wanaozaliwa ni wengi, ndiyo, lakini ongezeko kama hilo ndani ya miaka kumi lina wageni wengi ndani yake, na wengi wa wageni hao ni vijana.

Kwa hiyo kuondoka si kitu kipya. Kilicho kipya ni mambo mawili: kijana anaondoka akiwa amefundishwa nini, na anarudi kwa nani.

Moto uliozimika

Katika maboma ya Wasukuma palikuwa na shikome, moto wa jioni uliowashwa uani, ambapo wanaume wa boma na vijana wao walikaa baada ya kazi. Ng'ombe wakishaingia zizini, kijana aliulizwa maswali. Umechunga wapi? Maji yakoje kule? Yule ndama anachechemea kwa nini? Majibu ya uvivu yalijulikana hapohapo. Vitendawili, habari za ukoo, makaripio, mipango ya kesho, vyote vilipita kwenye moto ule. Wasichana walikuwa na mafundisho yao kwa mama na bibi.

Shikome ilimlazimu mzee pia. Hakuweza kumhukumu kijana asiyemjua, kwa sababu alikaa naye kila jioni. Na kijana naye alimwona mzee akikosea, akibishana, akikubali kushindwa kwa hoja.

Nje ya boma vijana walikuwa na uongozi wao. Kiongozi wao aliitwa nsumba ntale, naye alichaguliwa na vijana wenyewe. Aliwakusanya kulima shamba la mtu kwa zamu, kuvuna, kujenga. Mtegaji alitozwa faini na wenzake, siyo na baba yake. Wazee, banamhala, walikuwa na baraza lao na mamlaka juu ya yote, lakini walikuwa wamewaachia vijana eneo la kujitawala. Huo ni ustadi wa malezi ambao vitabu vingi vya kisasa bado vinautafuta.

Mambo hayo hayakufa kwa siku moja, wala hayakuuawa na vijana. Shule ilichukua saa za mchana na kazi za jioni. Operesheni ya vijiji ya katikati ya miaka ya 1970 ilihamisha familia kutoka kwenye maboma yaliyotawanyika. Malisho yalipokwisha, wafugaji walihama na ng'ombe wao kwenda Usangu, Rukwa na kusini zaidi. Kila moja ya sababu hizi ni uamuzi wa watu wazima, mwingine wa lazima, mwingine wa busara. Tatizo ni kwamba shikome ilipoondoka, hakuna aliyeitisha kikao kuuliza kazi yake itafanywa na nani.

Kuna sababu nyingine ambayo wazee huisema kwa sauti ya chini. Mamlaka ya baba yalikuwa na mkia. Kijana aliyetaka kuoa alihitaji ng'ombe, na ng'ombe walikuwa wa baba. Kijana wa leo mwenye bahati duarani anaweza kujilipia mahari mwenyewe. Heshima iliyokuwa imeshikiliwa na ng'ombe imelegea, ikabaki ile iliyoshikiliwa na ukaribu, na palipokuwa hapana ukaribu hapakubaki kitu. Hapo ndipo mzee anapoona utovu wa adabu. Lakini ukaribu huo ulikuwa kazi ya mkubwa kuujenga, mtoto akiwa bado mdogo.

Kizazi kinachokosekana

Tukitazama kwa makini, mtu ambaye hayupo katika ugomvi huu wa babu na mjukuu ni yule wa katikati.

Katika kaya nyingi za Shinyanga bibi ndiye anayelea. Mama wa watoto yuko Kahama au Katoro anauza chakula kwa wachimbaji. Baba yuko machimboni, au alikuwa huko mara ya mwisho alipopiga simu. Fedha inatumwa kwa simu inapopatikana. Bibi analima, anapika, anapeleka zahanati, anasaini karatasi za shule asizoweza kuzisoma. Kisha mjukuu akifika miaka kumi na mitano akaanza kulala nje, watu wanasema kizazi kimeharibika.

Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 ilimhesabu kijana kuwa mtu wa miaka 15 hadi 35. Kwa hesabu hiyo baba wa miaka 33 mwenye watoto wanne bado ni kijana. Anasutwa na wazee kuwa kizazi kilichopotea, na papo hapo anatarajiwa kulea kizazi kingine.

Mkono wa kijana, uamuzi wa mkubwa

Ripoti ya shirika la Human Rights Watch ya mwaka 2013 ilieleza kuwakuta watoto wadogo hata wa miaka minane wakifanya kazi kwenye machimbo madogo ya dhahabu katika wilaya za Geita, Kahama na Chunya. Walichimba, walibeba mawe, walichanganya zebaki kwa mikono na kuichoma ili dhahabu ibaki. Zebaki hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu, na humdhuru mtoto zaidi kwa kuwa mwili wake bado unajengwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mgodini mtu aliye chini ya miaka 18. Mtoto wa miaka minane hanunui zebaki. Kuna mtu mzima aliyemkabidhi, mwingine mwenye shimo, mwingine mwenye mwalo wa kuoshea dhahabu, na mara nyingi mzazi anayesubiri kilichopatikana.

Ndoa za utotoni nazo zina sura hiyohiyo. Takwimu za kitaifa za mwaka 2010 zilionyesha kwamba mkoani Shinyanga wanawake 59 kati ya 100 wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Taifa zima ilikuwa 37. Mahari ya msichana hupangwa na kupokewa na wakubwa. Aliyekwenda mahakamani kupinga vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu binti wa miaka 15 kuozwa, alikuwa mwanasheria Rebeca Gyumi, ambaye wakati huo hakuwa amefika hata miaka 35. Mahakama Kuu ilikubaliana naye Julai 2016, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha Oktoba 23, 2019. Kijana wa siku hizi aliwarudisha wazee kwenye wajibu wa kulinda watoto, na alifanya hivyo kwa kufuata sheria.

Halafu kuna fimbo. Wazee wengi huamini kwamba adabu imepotea kwa sababu fimbo imepungua. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto uligundua kwamba karibu robo tatu ya vijana wa Tanzania, wa kike kwa wa kiume, walikuwa wamepigwa au kuumizwa kimwili kabla ya miaka 18. Kizazi kinacholaumiwa kwa kukosa adabu kilichapwa sana. Kama fimbo peke yake ingekuwa inatosha, swali la mwanzo wa sura hii lisingeulizwa.

Malezi ya namna gani?

Mwanasaikolojia wa Marekani, Diana Baumrind, alianza miaka ya 1960 kuwagawa wazazi kwa namna wanavyolea. Wapo wa amri tupu: mtoto hutii, haulizi. Wapo wa kuachia: mtoto hupewa anachotaka, hawekewi mpaka. Na wapo wanaoweka mipaka migumu lakini wanaeleza sababu, wanasikiliza, wanabadilika wakiona wamekosea. Namna hii ya tatu ndiyo aliyoona inakuza watoto wenye kujidhibiti na kujiamini.

Hakuna Msukuma anayelazimika kuiazima Marekani. Shikome ilikuwa na mipaka migumu, na ilikuwa na mazungumzo. Kilichobaki kwenye nyumba nyingi baada yake ni amri bila mazungumzo kwa upande mmoja, na kuachia kwa upande mwingine; tena mara nyingi kwa mzazi huyohuyo, anayekuja Desemba na zawadi kubwa na mkanda.

Shinyanga ina ushahidi wake kwamba vizazi vinaweza kufanya kazi pamoja. Kwa miongo mingi ardhi ya mkoa huu ilivuliwa miti: serikali ya kikoloni ilifyeka pori ili kuua mbung'o, wakulima wakapanua pamba, mifugo ikaongezeka. Watu wakaanza kuuita mkoa jangwa. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Haukufaulu kwa kuleta ujuzi mpya tu. Ulifufua ngitili, utaratibu wa zamani wa kufunga eneo la malisho lipumzike mpaka kiangazi. Wazee ndio waliojua mipaka, majina ya miti na adhabu za anayevunja. Vijana ndio waliochunga bila kuvuka mipaka hiyo. Mradi ulianza na hekta zipatazo 600 za ngitili zilizojulikana. Ulipomalizika mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishiwa uoto katika vijiji 833.

Wazee walioshiriki kazi ile walikuwa wametoka kwenye kizazi kilichokata miti. Hakuna aliyewasimanga. Walipewa kazi, wakaaminiwa, wakaifanya vizuri.

Vijana wa Ibadakuli wanastahili kupewa nafasi hiyohiyo na wakubwa wao. Mzazi au babu anayesoma sura hii, mwenye kijana Nyarugusu, Mgusu au Kakola, ampigie simu wiki hii kabla hajampigia jirani kumlalamikia. Amuulize anachimba duara la nani. Amuulize wamekubaliana mgao gani, na kama makubaliano yameandikwa. Amuulize nguzo za shimo zimewekwa na nani, nani anachoma zebaki, na analala wapi. Asipojibiwa vizuri siku ya kwanza, apige tena.